Wasifumue Kiraka Mpaka Uje

Nyasho, Musoma
Jumatatu asubuhi

Mke wangu Mama Rukia,

Pokea salamu zangu kabla hujaikunja barua hii. Naomba uisome mpaka mwisho, hata kama utaisoma umesimama. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, moyo ndio haujatulia. Je, wewe hujambo? Mama anaendeleaje na miguu yake, maana nasikia mvua zimeanza huko Tabora? Rukia kikohozi kimemwachia? Niliuliza haya katika barua iliyopita hukunijibu, na sasa najua kwa nini.

Barua yako nimeipata Ijumaa nikitoka msikitini. Haikuwa na salamu. Umeniandikia kwamba yule kijana wa jirani yetu, anayefanya ukondakta wa basi la Mwanza, amefika huko na kukueleza kuwa mumeo kafumaniwa na mjane wa watu wa Bunda, akapelekwa mbele ya wazee pamoja na koti la marehemu. Umeandika nisihangaike kurudi, na kwamba nguo zote ulizowahi kuvaa kwa ajili yangu utazichoma moto uani. Nilipofika kwenye mstari huo nilikaa kwenye stuli ya wateja.

Sasa nisikilize. Kukaa mbele ya wazee ni kweli. Koti ni kweli, na mjane ni kweli. Kufumaniwa ni uongo mtupu, na huyo kijana nikimtia mkononi atanieleza alinifumania akiwa wapi, maana siku hiyo alikuwa anang'ang'ania mlango wa basi akiita abiria. Sina mwanamke Bunda wala Musoma. Nina wewe, na umenikasirikia, na nisipokueleza vizuri leo kuna mama atafukuzwa kwenye nyumba yake na watoto wake watabaki nyuma wakimwangalia anavyoondoka. Kwa hiyo hasira yako iweke pembeni kidogo. Ukimaliza kusoma utaichukua tena kama bado unaitaka.

Koti lenyewe unalijua. Ni lile la rangi ya majivu, lenye kola pana na vifungo vikubwa vya kahawia, nililolipata Sirari miaka ile ya shida, wakati mitumba, nguo za kafa Ulaya, inapita mpakani kwa kificho na mtu akikutwa na miche miwili ya sabuni anaulizwa kaitoa wapi. Aliyeniuzia alikuwa amelivaa ndani ya koti la mvua, jua linawaka, jasho linamtoka, na alivyoliona linaondoka alishukuru. Nilikuja nalo nyumbani bitana imechanika chini ya kwapa la kushoto. Ukaninunia kutwa nzima, eti watu wanatafuta sukari wewe unaniletea koti la maiti. Jioni ukalichukua mwenyewe bila kuombwa. Ukakata kipande kwenye pindo la gauni lako la maua, lile ulilovaa tulipopiga picha yetu ya kwanza baada ya ndoa, ukatia kiraka kwa mkono kwa sababu cherehani ilikuwa mbovu. Kiraka hicho kipo mpaka leo.

Koti hilo limenilisha kuliko kamera. Mwanamume akija studio na shati lake lililopauka, namwonyesha koti, na hapo hapo anaanza kusimama vingine. Mwembamba namkaza mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mnene namwambia asifunge vifungo, aweke mkono mmoja mfukoni, aonekane ana haraka. Kwa mbele ni bwana mkubwa, kwa nyuma ni kamba ya kuanikia nguo. Siku hizi mambo yamefunguliwa, marobota yanapasuliwa mchana kweupe sokoni, na mimi huwa wa kwanza kuinama. Nimepata blauzi yenye kola ya lesi, viatu vya raizoni vya kisigino kirefu, kofia ya kike yenye wavu. Ndani ya ile blauzi kuna jina la mtu limeshonwa kwa uzi mwekundu, jina la kizungu, na mara nyingi nikiwa nasubiri mteja humfikiria mwenyewe alikuwa nani. Lakini koti la majivu halijapata mpinzani. Nusu ya wanaume wa mji huu wana picha wamelivaa, na kila mmoja kwake amesema ni lake.

Hapo ndipo balaa lilipotoka.

Msimu wa pamba wa mwaka juzi alikuja mkulima mmoja kutoka upande wa Bunda, jina lake Mafuru, na mke wake wanamwita Mama Bwire. Mafuru alikuwa mtu wa utani. Alilitazama koti ukutani akaniambia, "Mpiga picha, leo nipige nionekane mtu. Kaka yangu mkubwa ananionaga kama mtoto." Nikamvika. Alikuwa mwembamba, vibanio vilijaa mgongo mzima. Mke wake alisimama kando yake akijizuia kucheka, na ukiitazama picha ile unaona kabisa kicheko kimebanwa mdomoni. Katika picha zote nilizopiga mji huu sina ninayoipenda kama hiyo. Nilisafisha mbili, moja wakaondoka nayo, moja nikaiweka kwenye kioo cha nje.

Kaka yake, Mzee Magesa, alipoiona ukutani nyumbani kwa Mafuru aliuliza koti limetoka wapi. Mafuru akasema amelinunua, liko sandukuni, ni la shughuli. Utani tu, au aibu, sijui. Mke wake alisikia akanyamaza. Ungefanya nini wewe? Ungemkana mumeo mbele ya kaka yake?

Mwaka huu baada ya palizi Mafuru aliugua tumbo, akafa. Nilisikia habari nikiwa kwenye mnada wa Bunda, nikasikitika, nikaendelea na kazi.

Katika ukoo wao nguo za marehemu hazitoki ndani mpaka siku ya kugawa. Siku hiyo watu wote wanakusanyika, na yule atakayesimamia mji wa marehemu anavikwa vazi lake kubwa pale mlangoni, kila mtu akiona. Mjane akitoa nguo ya mumewe kabla ya siku hiyo akampa mwanamume mwingine, amekwisha. Anarudi kwao mikono mitupu, watoto wanabaki kwa ukoo. Basi Mzee Magesa akaagiza sanduku lifunguliwe, vazi litayarishwe. Sanduku likafunguliwa. Kulikuwa na suruali na shuka, koti hakuna. Wakamuuliza Mama Bwire. Siku ya kwanza alinyamaza, hakutaka kumwaibisha marehemu kaburi halijakauka. Siku ya pili akasema, "Koti lilikuwa la mpiga picha, liko kwake Musoma." Kwa sababu alichelewa kusema, wakaona ametunga.

Wiki tatu zilizopita, Alhamisi, Mzee Magesa akaja Nyasho na ndugu zake wawili. Walisimama kwanza nje wakimtazama Mafuru kwenye kioo. Nilidhani ni wateja, nikawakaribisha. Koti lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake, na mimi, mjinga, nikawauliza kama wangependa kulivaa. Mzee Magesa alilishusha kwa mikono miwili akalinusa kwenye kola. Akasema taratibu, "Harufu yake siisikii." Nikaona anataka kulia. Kisha akageuka akaniambia, "Kumbe ni kweli liko kwa mwanamume."

Unaona ilivyokuwa? Yule mama alisema kweli, na kweli yake ndiyo iliyomfunga. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Majirani wakajaa mlangoni. Mwenye nyumba wangu akaniambia kwa masikitiko, "Fundi, kama ni mambo ya wanawake maliza nayo nje, hapa nina watoto wa kike." Nikafunga studio, nikapanda nao basi mpaka Bunda, koti liko magotini kwa Mzee Magesa, na kijana wenu kondakta ananikodolea macho njia nzima. Nilikwenda mwenyewe, Mama Rukia, hakuna aliyenishika. Mtu mwenye hatia asingepanda basi lile.

Tulikaa uani kwa balozi wa nyumba kumi, mtu mpole anayesikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mama Bwire aliletwa na wanawake wawili, akaketi chini mbali nami. Hakunitazama hata mara moja. Wanawe wawili walikuwa ng'ambo ya ua kwa Mzee Magesa, maana wameshaanza kula huko. Mdogo alimwita mama yake, akavutwa ndani.

Nikasema koti nimelinunua Sirari kabla sijawahi kumwona Mafuru. Mzee Magesa akauliza, "Nani alikuona?" Nikasema ndani kuna kiraka cha gauni la mke wangu. Wakaligeuza, kiraka kikaonekana, maua mekundu na manjano. Dada yake Magesa akasema, "Huyu naye si anajuaga kushona?" akimwonyesha Mama Bwire kwa kidevu. Nikatoa picha yako, ile ninayotembea nayo mfukoni, umevaa gauni lenyewe, maua yanaonekana moja moja. Nikasema, tazameni, ni kitambaa hiki hiki. Picha ikazunguka mkono kwa mkono. Mzee mmoja akaiweka kando ya kiraka akatikisa kichwa. "Haya mekundu," akasema, "haya ya kwenye picha meusi. Si kitambaa kimoja." Nikawaeleza kwamba picha haina rangi, kila kitu kinatoka cheusi na cheupe, hata midomo yako, hata udongo. Mzee Magesa akanirudishia picha. "Mpiga picha," akasema, "picha ndiyo iliyotuleta hapa. Picha ilisema koti ni la ndugu yangu. Leo unataka picha iseme ni la kwako. Tuishike ipi?"

Miaka yote hii nafanya kazi hii, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hilo.

Ndipo dada yake Magesa akatoa wembe. Alitaka kukifumua kiraka aone mshono wa ndani ni wa mkono wa nani. Alishaanza kuuweka ukingoni. Nikapiga kelele, "Msifumue," na kila mtu akashtuka, hata Mama Bwire aliinua macho.

Nilikuwa nimekumbuka maneno yako. Siku ile ulipomaliza kushona ulikata uzi kwa meno ukaniambia, "Humu nimekushonea kitu. Siku utakayofumua nitajua umenichoka." Nikakuuliza ni nini, ukacheka ukaenda kupika. Nimekaa na koti hilo miaka yote, nimelipiga pasi, nimeliloweka, mara nyingi nimekigusa kitu hicho kwa kidole pale chini ya kitambaa. Sikufumua. Nikawaeleza hivyo hivyo mbele ya watu wote, na sikuona aibu.

Balozi akalichukua, akabonyeza kiraka kwa dole gumba. Akasema, "Kitu kipo." Mzee mmoja akasogeza kigoda chake nyuma, akauliza kama ni dawa. Mzee Magesa akaniuliza, "Ni nini?" Nikamwambia sijui, anajua mke wangu peke yake. Akauliza tena kama nitaapa kwamba sijui. Nikaapa. Akasema, "Basi aje aseme yeye kabla hatujafungua. Akipatia, koti ni lenu na huyu mama atakaa kwake. Asipokuja, tumeelewa."

Hayo ndiyo maamuzi. Koti limefungwa ndani ya gunia la pamba, balozi amelishona mdomo kwa katani, liko nyumbani kwake. Kugawa nguo ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Utaniuliza kwa nini sikukuandikia mapema. Kwa sababu nilijua habari hii hata ukiisimulia kweli tupu inanuka. Nikatafuta njia nyingine kwanza. Nikasema, si wanaume wamejaa mji huu waliovaa koti hilo kabla ya Mafuru? Waje waseme. Nilimfuata karani mmoja Bweri, nilimpiga picha ya uchumba kabla hata Mafuru hajanijua. Akanitoa mpaka barabarani akisema nipunguze sauti, mke wake yuko ndani, na wakwe zake walimpa binti baada ya kuiona picha ile. Nilikwenda Murangi kwa mchuuzi wa samaki ambaye tumekula pamoja mara nyingi. Alinikazia macho akasema koti lile lilikuwa lake, aliliuza zamani. Alinidanganya mimi niliyembana vibanio kwa mikono yangu, na nadhani sasa hivi anaamini mwenyewe. Nilitembea ufukweni narudi huku nimekasirika mpaka nikacheka.

Tangu hapo sijamvika mtu nguo ya studio. Anayekuja nampiga alivyo. Nimeanza kazi ambayo ningependa uione: naenda kwa watu, nawaomba wavae nguo wanayoipenda kuliko zote, iwe yao kweli, nawapiga wakiwa mlangoni kwao. Juzi karibu na Butiama nimempiga mzee aliyerudi na koti la jeshi kutoka vita vya wazungu, halina kifungo hata kimoja, amelifunga kwa kamba ya katani na hakutaka nimguse kola. Nimempiga mama mmoja na gauni lake la kipaimara, linamfika magotini, amesimama nalo wima. Picha zinatoka vizuri. Ningekuwa na furaha kama nisingekuwa nalala na kuamka na habari hii.

Jana nilipita tena Bunda kumwona balozi. Mama Bwire alikuwa njiani na ndoo, amenyolewa, amekonda. Haruhusiwi kuchuma hata mchicha wa shamba lake mpaka shauri liishe. Picha yao wameshaiondoa ukutani. Hatukusimama pamoja, watu walikuwa wanatazama. Alisema tu akipita, "Mwambie mkeo simjui, lakini namngoja." Nilipata uchungu ambao siwezi kuuandika.

Najua ninachokuomba. Nakuomba usafiri safari yote hiyo kwenda kumtetea mwanamke ambaye mtaa mzima umekwambia amekuchukulia mume. Ukitaka kunitukana, nitukane njiani, nitukane ukifika, nitakaa nikusikilize. Lakini njoo. Barua hii anakuletea fundi wa reli anayekuja huko Tabora leo, mzee wetu wa kule Isevya, unamfahamu. Anarudi Mwanza na garimoshi la keshokutwa, nimemwomba akuchukue. Nitakupokea Mwanza stesheni, tutapanda basi moja kwa moja mpaka Bunda.

Usinitajie kwenye barua ni nini kilichomo. Ukiniandikia watasema tumepanga, nami nitakuwa nimeapa uongo. Gauni kama hujalichoma, njoo nalo. Kama umelichoma, basi, limekwisha, njoo bila gauni. Sitakuuliza neno. Wewe kaa mbele ya wazee wale, sema ulinishonea nini, kisha mwache balozi afumue.

Ninaogopa, Mama Rukia. Ninaogopa kwamba imepita miaka mingi na umesahau. Ninaogopa zaidi kwamba unakumbuka na hutakuja.

Msalimie sana mama mkwe wangu, mwambie asiamini yote anayoyasikia dirishani. Mpe Rukia busu, mwambie baba amemwekea kofia yenye wavu, aje akiwa mkubwa aivae. Salamu kwa shemeji yangu mdogo, fundi baiskeli, akusindikize mpaka stesheni akubebee mzigo. Na yule kondakta akipita hapo kwenu msalimie pia, mwambie namsubiri.

Koti liko guniani. Kiraka chako kiko kama ulivyokiacha, uzi wako haujakatwa hata mmoja.

Ni mimi mumeo, ambaye sikufumua,
Baba Rukia